Mwenza wa Safari: Watu wa Malindi na Kilifi katika Miji ya Ulaya

Historia ya uhusiano kati ya pwani ya Malindi na Kilifi na bara la Ulaya huandikwa kwa kawaida kama historia ya wageni waliokuja: Wareno na nguzo yao yenye msalaba, wamisionari wa Rabai, maofisa wa Kiingereza, na mwishowe Waitalia wa mahoteli na majumba ya ufukweni. Upande wake wa pili, yaani historia ya wenyeji wa pwani hiyo waliopanda chombo wakaenda kuiona miji ya Ulaya kwa macho yao, umeandikwa kidogo sana, ingawa ulianza miezi tisa tu baada ya meli ya kwanza ya Wareno kutia nanga Malindi na haujakoma hadi leo. Wasafiri hao wanaungana kwa jambo moja, kwamba takriban wote walikwenda wakiwa na mwenza wa Kizungu, awe nahodha, padri, mmisionari, bwana wa kazi au mchumba, na mwenza huyo ndiye aliyeamua mji upi waone, nyumba ipi walale na, mara nyingi zaidi, habari zao ziandikwe namna gani. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi Ulaya ilivyowashangaza watu wa Malindi na Kilifi hana budi kuanza kwa kumchunguza aliyefuatana nao.

Wataalamu wa jamii huita "mshtuko wa utamaduni" ile hali inayompata mtu aliyefika katika jamii ngeni na kukuta kwamba mambo aliyoyatenda tangu utotoni bila kuyafikiria, kama kusalimia, kula, kuvaa, kuabudu na kuhesabu saa, hayamfai tena, au yanamletea aibu. Dhana hiyo ilienezwa katika miaka ya 1950 na Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia wa Kanada ambaye kabla ya hapo alikuwa ameutafiti ufalme wa Ankole nchini Uganda. Inapopelekwa pwani ya Kenya, dhana hiyo inataka tahadhari, kwa sababu watu wa bandari hawakuwa watu wa kushtuka upesi. Pepo za kaskazi ziliwaletea kila mwaka Waarabu, Waajemi na Wahindi, na pepo za kusi zikawarudisha. Na mwaka 1415, zaidi ya miaka 80 kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana, wajumbe wa Malindi walikuwa wamefika mbele ya mfalme wa China wakiwa na twiga, mnyama ambaye Wachina walimchukua kuwa ndiye yule mnyama wa heri wa hadithi zao.

Zaidi ya hayo, miji ya pwani ilikuwa na utaratibu maalumu wa kuupunguza ugeni. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, aliona kwamba mfanyabiashara aliyefika Mogadishu hakushuka mjini kiholela bali alichukuliwa na mwenyeji wake, ambaye alimpa malazi, akamuuzia bidhaa na kumnunulia alichokitaka. Mwenyeji wa namna hiyo alikuwa mdhamini, mkalimani na mwalimu wa adabu za mji kwa wakati mmoja. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo alipokwenda ng'ambo alitarajia kukuta mwenyeji wa aina hiyohiyo. Na pengine mshangao wake mkubwa kuliko wa majumba au baridi ulikuwa kugundua kwamba miji ya Ulaya haikuwa na desturi hiyo, na kwamba mwenza aliyekuja naye ndiye mwenyeji pekee aliyekuwa naye.

Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, wakati wa Pasaka, akitoka Mombasa ambako mambo yalikuwa yameharibika. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa watu wa merikebu zake, ndiyo maandishi ya kwanza yanayoonyesha Malindi na Ulaya zikitazamana ana kwa ana, na anayeisoma kwa makini ataona kwamba walioduwaa zaidi walikuwa wageni. Mfalme alikuja majini akiwa amevaa joho la hariri lenye pindo la atlasi ya kijani, amekalia kiti cha shaba chenye mito, ametiwa kivuli na mwavuli wa atlasi nyekundu, huku wapiga siwa wakipuliza siwa mbili za pembe zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu. Siku chache kabla ya hapo Mreno alikuwa amemtumia mfalme huyo zawadi ya vazi, nyuzi mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, njuga na vipande viwili vya kitambaa, na kujibiwa kwa kondoo sita pamoja na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Haikuhitaji elimu kubwa kutambua nani kati ya hao wawili alikuwa tajiri.

Mfalme alimwalika nahodha ashuke apumzike nyumbani kwake, naye nahodha akajibu kwamba bwana wake hakumruhusu kushuka pwani. Kwa adabu za Malindi, mgeni kukataa kuingia nyumbani ni tusi au ni dalili ya hila, na mfalme aliuliza watu wake wangesema nini juu yake kama yeye angekubali kupanda merikebu ya mgeni aliyekataa kuja kwake. Suala hilo lilimalizwa kwa kukutana juu ya maji, jambo ambalo kila upande uliweza kulieleza kwao bila kupoteza heshima. Palikuwa pia bandarini hapo merikebu za Wahindi, ambao Wareno waliwadhania kuwa Wakristo. Walipoonyeshwa sanamu ya Bikira Maria wakasujudu mbele yake, na makelele yao ya furaha wageni wakayasikia kama jina la Kristo. Kosa hilo liliwafuata Wareno hadi Calicut, huko India. Watu wa Malindi, waliowajua Wahindi kwa miaka mingi, hawangeweza kulifanya.

Tarehe 24 Aprili merikebu ziliondoka zikiwa na rubani aliyepatikana Malindi, na mwezi Januari 1499 zikarudi zikiwa na mabaharia waliodhoofishwa na kiseyeye, maradhi ya kukosa mboga na matunda yanayovimbisha fizi na kuua. Katika siku tano walizokaa, mfalme alitoa pembe ya ndovu kwa ajili ya mfalme wa Ureno, akakubali nguzo ya mawe isimikwe katika ardhi yake, na akamtoa kijana Mwislamu aende Ureno pamoja nao ili mfalme wa huko ajue jinsi Malindi ilivyoutaka urafiki wake. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa pwani hii anayejulikana kwa maandishi kuwa alifunga safari ya kwenda Ulaya, na mwandishi wa shajara, ambaye aliweza kuhesabu njuga na mabeseni, hakuona haja ya kuandika jina lake.

Safari yenyewe ilianza kwa funzo kali. Hazijatimia siku kumi tangu waondoke Malindi, Wareno waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, katika maji ya pwani ya Tanga ya leo, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Kwa kijana wa bandari, aliyezoea kuona jahazi likitiwa deheni na kurithiwa na watoto wa nahodha, chombo kizima kuteketezwa makusudi lilikuwa jambo zito. Shajara yenyewe inakatika wakiwa bado katika pwani ya Afrika Magharibi, hivyo Lisbon yake haimo. Hata hivyo, Lisbon ya mwaka 1499 inajulikana vizuri, na lililo wazi juu yake ni kwamba Mwislamu asingeweza kukuta humo msikiti wa kuswalia. Amri iliyotolewa na Mfalme Manuel mwishoni mwa 1496 iliwataka Wayahudi na Waislamu waondoke katika nchi yake, na mtaa wa kale wa Waislamu chini ya ngome ya mji huo ulikuwa umeshakabidhiwa kwa wengine. Mjumbe aliyetoka mji ambamo Mhindi aliabudu miungu yake bila kuulizwa alipelekwa katika mji uliowafukuza watu wa dini yake miaka miwili tu kabla hajafika, tena akapelekwa kama rafiki. Kama pana mahali ambapo maneno mshtuko wa utamaduni yanastahili kutumiwa bila tahadhari yoyote, ni hapo.

Urafiki huo ulijibiwa. Agosti 1500 Pedro Álvares Cabral alitia nanga Malindi akiwa na barua na zawadi za Mfalme Manuel, na kwa karibu karne nzima Malindi ikawa mshirika wa Wareno dhidi ya Mombasa. Uthibitisho wa kwamba pande hizo mbili ziliendelea kuchunguzana unapatikana katika barua aliyoiandika Francis Xavier, padri wa Kijesuiti, kutoka Goa mwaka 1542 baada ya kupita Malindi na kumzika humo Mreno aliyefia safarini. Mmoja wa wakuu wa mji alimuuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu wakati wa sala, kisha akasikitika kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa na waumini. Swali hilo ni la mtu anayeipima Ulaya kwa kipimo chake mwenyewe, wala halina hata chembe ya unyonge.

Hali ilikuwa tofauti kabisa kwa Yusuf bin Hassan. Baada ya Wareno kuiteka Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walimhamishia huko sheikh wa Malindi, Ahmad, awe mfalme chini ya ulinzi wao. Mwanawe Hassan aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno upande wa Mashariki. Mwaka huohuo mtoto wake Yusuf, mwenye umri wa miaka saba hivi, alipelekwa katika mji huohuo akalelewe na watawa wa shirika la Augustino. Goa haiko Ulaya, lakini ilijengwa na kuendeshwa kama mji wa Ureno, kwa makanisa, mahakama na mavazi yake, na kwa mtoto wa ukoo wa Malindi hiyo ndiyo iliyokuwa Ulaya. Alibatizwa Jerónimo, akajifunza ubaharia wa vita, akaoa huko, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba.

Wanaosimulia habari zake hukazia uasi wake wa Agosti 1631, alipomuua kapteni wa ngome, akaurejea Uislamu na kuwaua Wakristo waliokataa kumfuata. Kilichotangulia uasi huo kina uzito zaidi kwa mada hii. Miaka mitano mfalme huyo aliishi kati ya Waswahili waliomwona kafiri aliyevaa Kizungu na Wareno waliomdharau licha ya ubatizo wake, na inasimuliwa kwamba kilichomponza ni kuonekana akiomba kwenye kaburi la baba yake kwa taratibu za Kiislamu. Mji wa ugenini ulikuwa umemgeuza akiwa mtoto, na mshtuko uliomvunja ulimpata siku ya kurudi kwao. Mwaka 1632 aliiacha Mombasa, akawa haramia baharini hadi alipofariki mwaka 1638. Malindi yenyewe ilififia katika karne mbili zilizofuata, ikawa magofu na vichaka hadi Sultani Majid wa Unguja alipoifufua mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwa kuwaweka askari wake na kuanzisha mashamba makubwa ya nafaka, yaliyolimwa na watumwa.

Wakati Malindi ikiwa bado magofu, mlango mwingine wa Ulaya ulikuwa umefunguka upande wa kusini, katika vilima vya Rabai ambavyo leo vimo katika Kaunti ya Kilifi. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani wawili kutoka eneo la Württemberg waliotumwa na shirika la wamisionari la Kanisa la Uingereza, walianzisha kituo chao Rabai mwaka 1846, miongoni mwa Mijikenda, yaani jamii tisa za pwani ambazo asili yao hurejeshwa kwenye kaya, makao yenye maboma yaliyojengwa ndani ya misitu. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki miaka 29 bila kukanyaga Ulaya hata mara moja, akamzika mkewe, akawapata waumini wachache sana, na kidogo kidogo akapoteza uwezo wa kuona. Ikumbukwe kwamba huyu ndiye aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameiona theluji juu ya Kilimanjaro, na mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika Afrika Mashariki, akamkejeli kwa miaka mingi kwamba ameota.

Mwaka 1875, akiwa karibu kipofu kabisa, Rebmann alisafiri kurudi kwao, na aliyemshika mkono njia nzima alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai. Walipitia Uingereza, kisha wakaenda Ujerumani hadi Korntal, kijiji cha karibu na Stuttgart kilichoanzishwa mwaka 1819 na Waprotestanti wachamungu waliotaka kuishi kwa taratibu zao wenyewe, wakiishika Jumapili kwa ukali na kuyaepuka mambo ya anasa. Krapf naye alikuwa akiishi Korntal, akiendelea na kamusi yake ya Kiswahili ambayo ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Rebmann alioa tena huko, akafariki tarehe 4 Oktoba 1876, na Nyondo akarudi Rabai.

Safari hiyo ni ya pekee katika mlolongo huu kwa sababu uhusiano wa mwenza na mwenzake uligeuka. Mzungu ndiye aliyekuwa mwenyeji kwa hati, kwa lugha na kwa jina, lakini hakuweza kuuona mji aliokuwa akimtembeza mwenziwe, na Mwafrika ndiye aliyeona kila kitu, bila kuwa na mamlaka ya kukieleza. Hata kwa Rebmann, Ulaya hiyo ilikuwa ngeni. Aliiacha Ujerumani ikiwa nchi nyingi ndogo ndogo na akairudia ikiwa dola moja tangu 1871. Aliiacha reli ikiwa ndiyo kwanza inaanza kufika Stuttgart na akairudia ikiwa imesambaa kila upande. Watu wawili walioingia London na Stuttgart pamoja walikuwa wageni wote wawili, mmoja kwa kuzaliwa mbali na mwingine kwa kukaa mbali, na si ajabu kwamba mahali ambapo safari yao ilipata utulivu ni kijiji kidogo ambamo, kwa kuwapo Krapf, watu watatu waliweza kuzungumza lugha ya Rabai mezani. Majira ya baridi ya 1875 hadi 1876, theluji ile ambayo London haikuiamini ilipatikana mlangoni.

Mwaka huohuo wa 1875 ulikuwa na msafiri mkubwa zaidi. Sultani Barghash wa Unguja, ambaye bendera yake ndiyo iliyopepea Malindi na Takaungu na ambaye liwali wa Malindi, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya sultani, alimtumikia, alifika London mwezi Juni akiandamana na mkalimani George Percy Badger, kasisi wa Kiingereza aliyekijua Kiarabu. Katibu wa sultani, Zahir bin Said, aliandika habari za ziara hiyo, zikachapishwa London kwa Kiarabu mwaka 1878. Na hata kitabu hicho kilipita mikononi mwa mhariri mgeni, Louis Sabunji, kabla ya kuwafikia wasomaji. Dada yake sultani, Sayyida Salme, ambaye tangu 1867 alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alikuja London kutoka Ujerumani akitumaini kupatana naye, akazuiwa kwa maneno mazuri na wakuu wa Kiingereza waliohofia ziara isivurugike. Salme ndiye mwenye ushuhuda mzito kuliko wote kuhusu maisha ya Mswahili katika miji ya Ulaya, kwa kuwa mumewe, Mjerumani ambaye kwa ajili yake aliiacha Unguja, alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg mwaka 1870, naye akabaki na watoto watatu akihama kutoka mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, bila mwenza. Barua zake zilizochapishwa baada ya kifo chake zimeandikwa kwa rafiki aliyebaki nyumbani. Aliyekosa mtu wa kushangaa naye alimtafuta kwa kalamu.

Maandishi ya Kiswahili chenyewe yalichelewa, na hayakutoka Malindi wala Kilifi. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana mwaka 1896 na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, kutoka Berlin kupitia miji ya Urusi hadi Siberia na Asia ya Kati, akaeleza chakula, baridi, mavazi na tabia za watu wa kila mahali. Masimulizi yake yalitolewa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na kwa msomaji wa leo yanavutia kwa utulivu wake: msimulizi anatazama, anapima, anaendelea. Hata hivyo, utulivu wa mtumishi anayesimulia mbele ya bwana na mwalimu si lazima uwe ndio utulivu wa moyo wake. Hilo ndilo tatizo la ushahidi wote wa mlolongo huu, na kulisahau ni kumkubali mwenza kuwa shahidi pasipo kumhoji.

Katika karne ya 20 mambo yaligeuka, na Ulaya ikaja kukaa. Waitalia waliingia katika kumbukumbu ya Malindi kwanza kwa mabomu yaliyodondoshwa na ndege zao mwezi Oktoba 1940, wakati jeshi lao lilipokuwa Somalia na Ethiopia. Baada ya uhuru walirudi kwa kazi nyingine. Chuo Kikuu cha Roma, chini ya uongozi wa Luigi Broglio, kilijenga kituo cha kurushia roketi katika maji ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama juu ya nguzo baharini. Setilaiti ya Marekani iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Mahoteli yalikuwapo tangu miaka ya 1930, yakiwahudumia walowezi wa Kiingereza, lakini kuanzia miaka ya 1970 Waitalia ndio waliougeuza mji, kwa majumba yao, mikahawa yao ya piza na aiskrimu, na lugha yao, ambayo vijana wa Malindi na Watamu walijifunza ufukweni bila darasa wala daftari.

Tokeo lake ni aina mpya ya msafiri. Kijana wa Malindi anayekwenda Italia leo hufika akiwa anakijua Kiitalia, anaijua tambi na kahawa yao, na amewazoea Waitalia tangu utotoni. Lakini Waitalia aliowajua ni watu wa likizo, waliovua saa na viatu, wenye muda wa mazungumzo na mkono mwepesi wa bakshishi. Mwitalia wa Milan siku ya Jumatatu ni mtu mwingine, naye kijana hugundua kwamba alichojifunza nyumbani ni tabia za wageni wakiwa safarini. Ugeni wa namna hii hauumi kwa sababu mambo hayajulikani. Unauma kwa sababu yalidhaniwa kujulikana.

Mambo ya anga nayo hayana huruma. Malindi iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na mtu wake huhesabu saa kwa jua ambalo halibadili mwenendo wake. Milan mwezi Desemba jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kwa kasi ndani ya saa za kazi. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na Ramadhani ikiangukia hapo, mfungaji huhesabu mchana ambao kwao haupo. Nyondo alikutana na jua kama hilo Korntal, na Salme Hamburg.

Mwenza naye hajaondoka. Amewekwa katika sheria. Nchi za eneo la Schengen, zilizoanza kuondoa ukaguzi katika mipaka kati yao mwaka 1995, humruhusu mwenye viza ya muda mfupi kwenda kutoka Roma hadi Munich kwa viza hiyohiyo, lakini ili aipate viza hiyo mtu wa Kilifi hutakiwa kuonyesha atakaa wapi na nani atamgharimia, na mara nyingi jibu la maswali hayo ni barua ya mwaliko kutoka kwa rafiki, mchumba au mwajiri. Desturi ya mwenyeji aliyoiona Ibn Battuta imerudi kwa sura nyingine, isipokuwa sasa mwenyeji humdhamini mgeni kwa serikali badala ya kumdhamini kwa mji. Urafiki ukivunjika katikati ya safari, mgeni hupoteza malazi, mkalimani na hoja ya kuwapo kwake kwa siku moja. Wengi wa waliorudi Malindi na Mtwapa baada ya kuvunjika huko hukutana na jaribu la Yusuf kwa kiasi kidogo: huonekana wamebadilika, wakati huohuo hudaiwa zawadi na nyumba ambazo safari haikuzizaa.

Makumbusho ya Malindi, katika jengo la kale linaloitwa Nyumba ya Nguzo, na makumbusho ya Krapf huko Rabai yanatunza vizuri habari za waliokuja. Familia za Rabai, Takaungu, Kilifi, Watamu na Malindi ambazo zina barua, picha, pasi za zamani au kanda za sauti za wazee na vijana waliokwenda Ulaya zinaombwa zisizitupe wala kuziachia mchwa, bali zizipeleke huko au zimruhusu mwalimu wa shule ya jirani azinakili, kwa maneno yaleyale ya wasafiri wenyewe na kwa majina yao kamili pale wenyewe wanaporidhia, ili anayeandika historia hii baadaye asilazimike tena kuipata kutoka kwa mwenza.